Kupunguza kubeti bila kuacha kabisa: mwongozo wa mtu wa Nairobi

Kuna mtu wa Nairobi ambaye hataki kuacha kubeti na pia hataki kuhubiriwa. Ana kazi. Kodi ya nyumba analipa, ingawa siku hizi inafika kwa keateka tarehe 9 badala ya tarehe 5. Jumamosi anapenda kuwa na kitu kidogo kwenye mechi. Kinachomsumbua ni kwamba hicho kitu kidogo kimekuwa cha kila siku: kwenye matatu, kwenye foleni ya benki, kitandani saa sita usiku. Mwongozo huu ni wake. Kama tayari unakopa ili ubeti, au kuna deni unalowaficha watu wa nyumbani, ruka hadi sehemu ya mwisho. Huku kwingine hakutakufaa sana.

Karibu kila hatua hapa chini inalenga kitu kimoja, nacho ni kasi. Shilingi 50 haimuumizi mfanyakazi. Shilingi 50 mara arobaini kati ya mjini na Roysambu ni elfu mbili, na jam bado haijaisha. Ukipunguza mara unazoweka, pesa zitapungua zenyewe. Ukipunguza dau tu na kuacha kasi ilivyo, utarudi palepale kabla ya mwezi kuisha.

Anza na steitimenti

Usianze na ahadi. Omba steitimenti ya M-Pesa ya miezi 6 kupitia programu ya M-Pesa au *334#, itumwe kwa barua pepe. Utaona safu ya saa, maelezo, zilizoingia, zilizotoka na salio. Tafuta kila mstari wa kampuni ya kubeti (jina la kwenye maelezo linaweza kutofautiana kidogo na lile la kwenye matangazo), kisha andika jumla tatu: ulizoweka, ulizotoa, na tofauti yake. Watu wengi wana kumbukumbu nzuri sana ya zile walizotoa.

Ukimaliza hesabu, rudi kwenye safu ya saa, maana ndiyo yenye mambo. Chukua kalamu nyekundu uweke alama pale ulipoweka mara tatu au zaidi ndani ya nusu saa. Mara nyingi utakuta zinapanda: 100, 200, 500. Hapo hukuwa unaangalia mpira, ulikuwa unafukuzia pesa iliyokwenda. Weka alama nyingine kwa kila kitu cha baada ya saa tatu usiku, na nyingine kwa siku mbili za baada ya mshahara. Mtu mwingine atagundua kwamba sehemu kubwa ya hasara yake iko usiku, na mechi ya Jumamosi aliyokuwa akiilaumu haikumgharimu hata mia tano. Kila mtu ana ramani yake, na huwezi kukata kitu usichokiona.

Ukiwa hapo, angalia Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaokujazia salio lisipotosha. Mambo huenda hivi: saa nane mchana unabeti 500 za mfukoni, jioni nauli na unga vinalipwa kwa Fuliza. Kwenye steitimenti deni linasomeka la unga. Fuliza inakata asilimia 1 unapoichukua na baada ya hapo ada ya kila siku kulingana na kiasi unachodaiwa, kwa hiyo ile 500 bado inakula siku kadhaa baada ya mechi kusahaulika. Kila Fuliza iliyokuja siku moja na beti, ihesabu kama beti.

Weka kiwango ambacho hukukitunga wewe

Kiwango cha kujitungia kina shida: aliyekitunga ndiye anayekibadilisha. Wataalamu wa Canada walitoa mwongozo mwaka 2021 kuhusu kucheza kamari kwa hatari ndogo, na una mambo matatu: usizidishe asilimia 1 ya mapato ya nyumba kwa mwezi, kabla ya makato, usicheze zaidi ya siku 4 kwa mwezi, na usiwe na mazoea ya aina zaidi ya 2 za michezo. Yote matatu kwa pamoja, usichague moja.

Nyumba inayoingiza 38,000 kwa mwezi, hiyo ni 380. Najua utacheka. Mtu aliyezoea kuweka elfu sita hawezi kuamka kesho akaridhika na 380, na akijaribu atavunja wiki ya kwanza kisha aseme njia haifanyi kazi. Kwa hivyo kata nusu kila mwezi: 6,000, kisha 3,000, 1,500, 750, halafu 380. Idadi ya siku, hata hivyo, ikate mara moja. Nne kwa mwezi ni Jumamosi nne, na ni rahisi kujua kama leo ni Jumamosi.

Kwa anayelipwa kwa siku, mtu wa mjengo, wa boda au wa mitumba Gikomba, hesabu ya mwezi haina maana. Chukua wastani wa siku uzidishe kwa siku unazofanya kazi. Anayepata 1,200 kwa siku 26 anapata 31,200, na asilimia 1 yake ni 312, yaani kama 75 kwa wiki. Iweke kwa wiki. Na usiiongeze wiki ambayo kazi ilikuwa nzuri.

Kumbuka pia serikali iko kwenye meza hiyo. Tangu Julai 2025, ushuru wa asilimia 5 unakatwa pesa inapoingia kwenye akaunti ya kubeti, na asilimia 5 nyingine inapotoka. Weka 1,000, zinabaki 950. Zitoe bila kucheza hata mechi moja, utapata 902 na senti hamsini. Kuweka na kutoa mara kwa mara kuna bei hata kama mkono wako ni wa bahati.

Ndege iondoke kwanza

Kama unacheza Aviator, ule mchezo wa ndege inayopaa na malipo yakipanda nayo, na usipotoa kabla haijaondoka dau limekwenda, hiyo usiipunguze. Iache leo, pamoja na zile mechi za kompyuta zinazoisha kwa dakika chache na michezo ya kuzungusha magurudumu. Kwenye mwongozo wa kupunguza hii ndiyo sehemu pekee ninayosema acha, na sababu iko kwenye hesabu.

Waliotengeneza Aviator wanasema inarudisha asilimia 97 ya pesa zinazowekwa, kwa wastani wa muda mrefu. Ukiangalia shilingi kwa shilingi, hiyo ni bei nzuri kuliko mechi nyingi za mpira. Lakini tuseme raundi ni mbili kwa dakika. Ndani ya saa moja umeruka mara 120. Kwa shilingi 50 kila mara, umeweka jumla ya 6,000, ingawa mfukoni ulikuwa na 500 tu zinazozunguka. Asilimia 3 ya 6,000 ni 180, na hiyo ni saa moja ya wastani. Kuna saa utatoka na faida na kuna saa utamaliza hadi nauli. Sasa weka 50 hiyohiyo kwenye mechi moja ya Ligi Kuu ya Uingereza. Faida ya kampuni hapo ni kama shilingi tatu na nusu, na umekaa saa mbili na stori za kutosha.

Wale wanaouza programu za kutabiri ndege itaanguka wapi wanakuibia. Matokeo ya raundi hutolewa na mfumo kwa nasibu, hayafuati raundi iliyopita wala hayamjui mtu wa Telegram.

Mkeka ufupishwe

Odi ni namba ambayo dau lako linazidishwa nayo ukipatia. Chukua mechi yenye odi 2.10 nyumbani, 3.30 sare, 3.40 ugenini. Gawa 100 kwa kila odi: 47.6, 30.3, 29.4. Jumla ni 107.3. Kama kampuni ingekuwa haikati kitu, ingekuwa 100. Kinachozidi ndicho chakula chake, na maana yake ni kwamba kila shilingi 100 unayoweka kwenye mechi hiyo ina thamani ya kama 93.

Ukiunganisha mechi kwenye mkeka mmoja, ambao hulipa zote zikitimia tu, chakula hicho kinaliwa mara nyingi. Mkeka wa mechi 3 zenye odi za namna hiyo, 100 yako ina thamani ya kama 81. Mechi 8, kama 57. Kabla hata refa hajapuliza filimbi, zaidi ya shilingi 40 zimeshakwenda. Timu "iliyochana mkeka" inalaumiwa bure. Na jakpoti, ile ya kutabiri mechi zote za orodha? Mechi 13, kila moja na matokeo matatu, ni mikeka 1,594,323 tofauti. Mechi 17 ni zaidi ya milioni 129. Ni kweli kuna mtu aliyeondoka na milioni 221 mwaka 2017, na picha yake na ile hundi kubwa imefanya kazi nzuri sana kwa niaba ya kampuni tangu siku hiyo.

Pamoja na hayo, sitasema mkeka mrefu ni haramu. Shilingi 50 kwa wikendi nzima ya matumaini ni bei ambayo mtu anaweza kuielewa, na mkeka mrefu una sifa moja: ni wa polepole. Ukiweka Jumamosi asubuhi, unasubiri hadi Jumapili usiku. Hasara inakuja kwa mikeka sita ya "kinga", kila mmoja umebadilishwa timu mbili. Chagua: mkeka mmoja mrefu wa 50, au mechi moja moja mbili tatu. Ukishaweka, basi hadi wiki ijayo.

Ifanye iwe na usumbufu

Kubeti kumekuwa rahisi kwa sababu mpira, akaunti na M-Pesa vyote viko kwenye simu moja, na simu iko mkononi. Vitenganishe.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni ya laini ya pili. Funga akaunti zako zote za kubeti zilizo kwenye laini ya kila siku. Fungua moja tu kwenye laini nyingine, na laini hiyo ikae kwenye mulika mwizi, si simu ya kisasa. Kampuni kadhaa bado zinapokea mkeka kwa SMS, na mulika mwizi haiwezi kurusha ndege. Simu hiyo ikae nyumbani kwenye droo, usitembee nayo. Mara moja kwa mwezi, siku uliyoichagua, tuma kiwango chako chote kwenye laini hiyo. Kutuma 380 kutoka laini yako kunakugharimu shilingi 7, hivyo tuma mara moja. Ikiisha tarehe 10, imeisha. Laini hiyo usiiunganishe na Fuliza wala mkopo wowote, na usiitumie kupokea pesa za kazi.

Ukiona ya laini mbili ni kubwa kwako, fanya angalau haya. Lipa Fuliza na ujiondoe kupitia menyu yake. Piga *456*9*5# uzime jumbe za matangazo kwenye laini ya Safaricom, kisha fuata maelekezo ya kujitoa yaliyo mwishoni mwa kila SMS ya kampuni ya kubeti. Ule ujumbe wa "umepewa beti ya bure" unaweza kukurudisha hata kama ulikuwa umenyamaza. Ingia kwenye akaunti yako utafute sehemu ya kuweka kikomo cha amana. Zipo kampuni zilizo nayo. Futa programu ya kubeti na usihifadhi nenosiri kwenye kivinjari, ili kila mara ulazimike kuliandika. Weka BetBlocker, ambayo ni ya bure na inafungia maelfu ya tovuti kwa muda unaouchagua, kisha hakikisha kampuni unayoitumia imo.

Vikundi vya Telegram na WhatsApp vya odi za uhakika, toka. Anayejua matokeo asingekuwa anauza kwa 200.

Siku ya mshahara

Pesa ya kubeti iwe ya mwisho kutoka. Mshahara ukiingia, kabla hujafika hata stendi, lipa kodi, nunua tokeni za stima, tuma za nyumbani, weka za chama na za SACCO. Kinachobaki ambacho si cha kula wiki hii, kifungie. M-Shwari ina akaunti ya kufunga, ambako kuitoa pesa kabla ya muda hakufanyiki kwa dakika moja, na dakika moja ndiyo yote mkono unaotaka kubeti unaihitaji. Baada ya hapo ndipo unatuma zile 380 kwenye mulika mwizi.

Jumamosi yenyewe

Mechi za Uingereza huanza saa nane na nusu mchana kwa saa zetu, nyingi saa kumi na moja, halafu ya jioni. Kule wakirudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba, zote zinasogea mbele saa moja. Weka mkeka wako kabla ya saa sita, ukiwa umekunywa chai na hujakunywa kingine. Kubeti mechi ikiendelea, hapana. Odi za katikati ya mechi zinabadilika kila dakika ili kidole chako kiendelee kufanya kazi, na mechi moja inageuka kuwa beti kumi na mbili. Ligi ya Mabingwa ya Jumanne na Jumatano, ambayo mechi zake nyingi kwetu huanza saa nne au saa tano usiku, itazame bila pesa. Hizo ndizo saa ulizoziwekea alama kwenye steitimenti.

Kwenye kibanda cha mpira utaulizwa una nani. Sema timu zako na uendelee kutazama, hakuna anayekagua tiketi. Kama unachokosa ni ule ubishi wa kazini Jumatatu, anzisheni ligi ya Fantasy Premier League. Ni bure, inachukua msimu mzima, na aliye wa mwisho atachekwa hadi Mei. Msiiwekee pesa. Nasema hivyo kwa sababu najua mtataka.

Usafiri ni jambo la kupanga mapema pia, maana saa moja na nusu kwenye Outering bila kazi ni ndefu. Pakua kitu cha kusikiliza ukiwa na waifai ya ofisini. Au lala.

Ukishinda, ukivuka

Ushindi haupandishi kiwango. Ukishinda 4,000 kwa 50, toa zote siku hiyohiyo, zinunue kitu kinachoonekana: gesi, viatu vya mtoto, tokeni za mwezi. Zikilala kwenye akaunti ya kubeti zinaanza kuitwa "pesa zao", na pesa zao huisha haraka. Na ukiwa umeshinda, mwezi ujao bado ni 380.

Ukivuka kiwango, na huenda ukavuka, usijaribu kuirudisha wiki hiyo. Ruka Jumamosi inayofuata, andika kwenye daftari ilikuwa siku gani, saa ngapi na ulikuwa wapi. Ukivuka mara mbili mahali pamoja, mahali hapo ndipo pa kurekebisha.

Mwambie mtu mmoja

Aliye na mwenza anaweza kuanza hivi, bila hotuba: "Mama Junior, nimekuwa nikibeti. Mwezi jana zilienda elfu sita. Nataka zishuke hadi mia tatu themanini, na ningeomba kila tarehe moja tuangalie steitimenti pamoja." Atauliza maswali. Jibu yale aliyouliza, na jumla uitaje ilivyo. Usimpe kazi ya kukulinda wala kushika PIN yako. Mtu akigeuzwa kuwa askari, nyumba inakuwa na mfungwa, na mfungwa hutafuta njia. Asiye na mwenza amwambie ndugu au rafiki asiyebeti. Yule mnayebeti naye atakuonea huruma na kukupa odi.

Kama kupunguza hakutoshi

Jipe miezi mitatu. Kama umefuata haya na mwezi wa tatu jumla haijashuka, au ukijikuta kwenye mambo kama haya: unakopa ili ubeti, unadanganya kuhusu kiasi, unaongeza dau ili usikie kitu, unafukuzia hasara kesho yake, unakosa kazi, hutulii ukikaa siku bila kuweka, basi kupunguza si dawa yako kwa sasa. Madaktari hutumia orodha ya dalili 9 za namna hiyo, na 4 ndani ya mwaka mmoja zinatosha kuuita ugonjwa. Ugonjwa huo unatibiwa kwa mazungumzo na mtaalamu. Hospitali ya Mathari, kwenye Barabara ya Thika, inahudumia uraibu. Msalaba Mwekundu wanapatikana kwa 1199 bila malipo kwa ushauri, na ukifika mahali unaona heri usingekuwapo, piga usiku huohuo, usingoje kupambazuke.

Halafu funga akaunti. Toa salio lote kwanza. Andikia kampuni barua pepe, siyo simu, ukitaja namba yako ya akaunti na kwamba unaomba ufungiwe kwa kudumu na usitumiwe tena matangazo. Weka nakala ya barua na ya jibu. Fanya hivyo kwa kila kampuni uliyoikuta kwenye steitimenti, hata ile uliyoitumia mara moja Kombe la Dunia. Wakiendelea kukutumia jumbe, nakala hizo ndizo utakazozipeleka kwa mamlaka ya kudhibiti kamari iliyoundwa na sheria ya 2025.